Tukipinga muswada wa kutoa mimba, ndio tunakubali pia binti afungwe miaka 7?

#1 Mkibosho wa Mjini
Wakuu salaam. Jana kwenye jumuiya yetu huku Pasua, baada ya sala mama mmoja wa WAWATA (wanawake Wakatoliki) akatoa simu akatusomea fowadi ya wasapu, kwamba Bunge la Afrika Mashariki hapo Arusha linapitisha sheria ya kuruhusu kutoa mimba na kila mwamini aandike jina na namba ya simu kupinga. Watu wakaandika fasta, na mimi nikaandika. Sasa kijana mmoja wa VIWAWA (vijana Wakatoliki) akauliza, je sheria ya Tanzania ya leo inasemaje, na tukisema hapana kwa huo muswada tunakuwa tumesema ndiyo kwa kitu gani? Mwenyekiti akasema muda umekwenda, tukasali Salamu Maria tukatawanyika.

Mimi ni Mkatoliki wa kuzaliwa na naamini uhai unaanza mimba inapotungwa, hapo sina mjadala. Ila lile swali limenikaa. Kwa nini Kanisa linakuwa kali hivi kila muswada wa aina hii ukitajwa, na je kuupinga ni lazima uendane na kutetea jela kwa binti aliyetoa? Wanaojua sheria na wanaojua mafundisho karibuni. Matusi hapana.

#2 Chalii wa Ngarenaro
Nafuatilia. Ila Mangi na wewe, namba ya simu unaiandika kwenye fowadi usiyojua imetoka wapi? Wiki ijayo utapigiwa na watu wa ile pesa tuma kwenye namba hii.

#3 Wakili wa Sakina
Mkuu #1 hiyo fowadi ni kiporo. Muswada ulikuwepo kweli, tena mara mbili. Wa kwanza uliletwa EALA, yaani hilo Bunge la Afrika Mashariki, 2017 na mbunge wa Rwanda, Dkt Odette Nyiramilimo, halafu ukarudi 2021 ukiwa muswada wa afya ya uzazi wa Jumuiya. Ndani kulikuwa na mambo mengi, ila kilichowasha moto ni kifungu cha kusitisha mimba. Bunge lile la nne lilimaliza muda wake Desemba 2022 na haukuwa sheria. Na hata ungepita pale Arusha, ibara ya 63 ya Mkataba wa Jumuiya inataka wakuu wa nchi waridhie, ukirudishwa kwao mara ya pili na mmoja akakataa unakufa. Kwa hiyo hakuna sheria inayopita usiku wakati mmelala.

Sheria inayokubana wewe leo ni Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Kifungu cha 150, anayemtoa mwanamke mimba, miaka 14. Cha 151, mwanamke mwenyewe, miaka 7. Cha 152, anayetoa dawa au kifaa huku akijua kinaenda kufanya nini, miaka 3. Mlango pekee ni cha 230, upasuaji uliofanywa kwa nia njema na uangalifu ili kuokoa maisha ya mama, huyo daktari hana kosa. Kubakwa hakumo.

#4 Katekista Mstaafu
Tumsifu Yesu Kristo. Nimjibu Mkibosho sehemu ya kwanza. Ukali huu haukuanza na muswada wa EALA wala na maaskofu wa TEC, baraza la maaskofu Tanzania. Didake, maandishi ya Wakristo wa mwanzo kabisa, inakataza waziwazi kumuua mtoto kwa kutoa mimba. Mtaguso wa pili wa Vatikano ukasema hivyohivyo, Yohane Paulo II akaandika waraka mzima juu ya uhai mwaka 1995, na Fransisko ambaye watu walimwona mpole sana, Oktoba 2018 alifananisha kutoa mimba na kukodi muuaji. Sasa askofu wa Moshi au wa Arusha unataka aseme nini tofauti? Hana hayo mamlaka. Yule aliye tumboni ni binadamu, hana kadi ya kura, hana wakili, hana uzi wa kujitetea humu. Kanisa likinyamaza nani atamsemea?

#5 Binti Kiborloni
Katekista shikamoo. Umejibu vizuri swali ambalo hakuna aliyeuliza. Mangi kasema mwenyewe hana mjadala na mafundisho. Ameuliza JELA. Miaka 7 ya binti wa miaka 19 gerezani Karanga inamrudishaje huyo mtoto? Na mwanaume aliyempa mimba, Wakili, kwenye hivyo vifungu yuko kifungu gani?

#6 Wakili wa Sakina
Hayumo, labda athibitike alimsaidia, alimnunulia dawa au alimshawishi. Kumpa mimba na kuzima simu siyo kosa kwa vifungu hivyo.

#7 Konda wa Coaster
Mbona mnachanganya, mke wangu mwaka juzi alifanyiwa upasuaji mimba ilitunga kwenye mrija, na ilikuwa hospitali ya masista kabisa, hakuna aliyetuuliza swali, daktari alisema hii ikipasuka mama anakufa na mtoto hawezi kuishi, wakamuingiza tiata palepale na sista akabaki na mimi nje tunasali rozari. Kwa hiyo Kanisa linaruhusu ikiwa mama yuko hatarini si ndiyo? Hata KCMC ambayo ni ya Wakatoliki wanafanya.

#8 Mlutheri wa Machame
Konda pole na shemeji. Ila KCMC siyo ya Wakatoliki aisee! Ni ya Shirika la Msamaria Mwema na inalelewa na sisi KKKT, imefunguliwa 1971. Za kwenu ni Kibosho, Huruma kule Rombo, na Mtakatifu Yosefu pale Soweto. Msitunyang'anye.

#9 Katekista Mstaafu
Konda, hapo Kanisa halikuruhusu kutoa mimba. Lililotibiwa ni mrija ulioharibika na ungemuua mama, kufa kwa mtoto hakukukusudiwa japo kulijulikana. Ndiyo maana sista alikuwa na wewe kwenye rozari na hakuona kosa. Tofauti ni kusudi.

#10 Konda wa Coaster
Asante katekista. Ila kwa mtu kama mimi pale korido hiyo tofauti sikuiona, niliona mke wangu anatoka mzima.

#11 Nesi wa Zamu
Nilikuwa sitaki kuchangia. Nimefanya kazi wodi ya wanawake miaka mingi, sisemi hospitali gani. Mnaongea kama vile sheria ndiyo inayoamua nani anatoa na nani hatoi. Haiamui. Inayoamua ni anafika kwetu saa ngapi.

Usiku mmoja kaletwa binti kutoka tambarare na bibi yake, kwenye bodaboda, bibi amemfunga kanga mbili na zote zimelowa. Namuuliza bibi, imeanza lini? Anasema tumbo tu, alikula maharage ya jana. Namuuliza binti, ananyamaza, anamwangalia bibi. Nikamtoa bibi nje kwa kisingizio cha kufungua faili. Binti akaniambia ni siku ya nne. Siku nne! Kwa sababu gani? Waliambiwa kijijini ukienda hospitali lazima upitie polisi kuchukua fomu ya PF3 na polisi wanakuweka ndani. Tukamsafisha, tukamuongezea damu, dawa za maambukizi za mshipa, alipona lakini kizazi sijui. Na huyo ndiye aliyefika.

Huduma baada ya mimba kuharibika ni halali nchi hii, iwe imetoka yenyewe au imetolewa, haihitaji PF3, na hospitali za Kanisa nazo zinahudumia. Mimi ni Mkatoliki, sijawahi kumtoa mtu na sitamtoa. Lakini miaka 7 ya Wakili hapo juu kwangu ndiyo zile siku nne.

#12 Binti Kiborloni
Nesi Mungu akubariki.

#13 Mzee wa Maili Sita
Ninachoshangaa ni vijana wa humu. Tarehe 18 Agosti 2023 TEC walipotoa tamko la kupinga mkataba wa bandari, mlijaa humu mnasema maaskofu ndio sauti ya wananchi, mashujaa, tamko lisomwe kila parokia. Leo maaskofu haohao wakigusa mimba mnasema wakae na misa zao. Chagueni moja.

#14 Chalii wa Ngarenaro
Mzee shikamoo, hapo umetupata wengi, hahaha. Ila hakuna hata mmoja kwenye uzi huu aliyesema wakae na misa zao. Soma vizuri. Binti #5 kauliza jela tu.

#15 Mtu wa Namanga
Nyie mnahangaika bure, vukeni hapo Namanga tu, Kenya kutoa mimba ni ruksa kikatiba tangu 2010. Kanisa lilipinga likashindwa na dunia haijaisha.

#16 Wakili wa Sakina
Siyo ruksa. Ibara ya 26 ya katiba yao inasema uhai unaanza mimba inapotungwa, halafu kifungu kidogo cha 4 kinasema kutoa mimba hakuruhusiwi ISIPOKUWA mtaalamu wa afya aliyefunzwa aone kuna haja ya tiba ya dharura, au maisha au afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine imeruhusu. Na kanuni yao ya adhabu yenye makosa ya kutoa mimba wamebaki nayo, wanavutana nayo mahakamani mpaka wamechoka. Ila kweli kura ya maoni ya 4 Agosti 2010 maaskofu wakiwa na Kardinali Njue walipiga kampeni ya HAPANA na NDIYO ikapata kama asilimia 67.

#17 Katekista Mstaafu
Na hapo ndipo mtaelewa hofu ya maaskofu. Neno lililowasumbua Kenya ni "afya". Maisha ya mama yakiwa hatarini kila mtu anaona, hata Konda aliona. Lakini afya ni nini? Huzuni ni afya, wasiwasi ni afya, kukosa kazi kunaleta msongo, msongo ni afya. Mlango kwa nje unaonekana mwembamba, ndani ni uwanja wa mpira. Ndiyo maana waliikataa katiba nzima ambayo ilikuwa na mema mengi. Na 2020 seneta Susan Kihika alipoleta muswada wa afya ya uzazi maaskofu wakasimama tena kwa hofu ileile.

#18 Mpare wa Same
Mimi nasema wote mnazunguka. Hii kitu ni pesa za nje. Mashirika yanakuja na semina pale hotelini Arusha, posho, chai, wabunge wanarudi na muswada uliokwisha andikwa. Itifaki ya Maputo, ile ya haki za wanawake, imepitishwa 2003, sisi tukairidhia 2007, nani hapa aliulizwa? Humo ibara ya 14 imeandikwa mimba ya kubakwa, ya maharimu, na ya kuhatarisha afya ya akili au ya mwili ya mama iruhusiwe kutolewa. Kanisa linapinga kwa sababu linaona mkono unaosukuma. Mchaga, Mpare, Mmasai, hakuna hata mmoja kati yetu aliyefundishwa na babu yake kutoa mimba.

#19 Binti Kiborloni
Mjomba Mpare, Maputo iko Msumbiji na itifaki ni ya Umoja wa Afrika. Halafu hiyo miaka 14 na 7 unayoitetea unajua imetoka wapi? Wakili thibitisha, ni ya Mwingereza.

#20 Wakili wa Sakina
Ni kweli. Kanuni yetu ya Adhabu ililetwa na serikali ya kikoloni, na haya makosa ya kutoa mimba mizizi yake ni sheria ya Uingereza ya 1861. Wao wenyewe walishafungua mlango kwa sheria ya 1967, sisi tumebaki na maneno yao ya zamani. Mpare yuko sahihi kwamba Maputo tuliridhia 2007, ila kwa mfumo wetu mkataba hauwi sheria ya ndani mpaka Bunge liutungie sheria, na kwa ibara hiyo haijafanyika. Kwa hiyo binti aliyebakwa hawezi kwenda hospitali na Maputo mkononi.

#21 Mpare wa Same
Sawa ni ya Mwingereza. Na reli ni ya Mjerumani, tuing'oe?

#22 Ustaadhi wa Unga Ltd
Assalaam aleikum. Niongeze upande wetu kidogo. Kwetu wanazuoni wanatofautiana kuhusu kabla ya siku 120, muda wa kupuliziwa roho, wapo wanaokataza tangu mwanzo na wapo wanaoruhusu kwa udhuru. Baada ya hapo ni haramu isipokuwa maisha ya mama. Kwa hiyo msiseme dini zote zinafanana kwa hili.

#23 Mama Pacha
Hakuna anayetaja kitu kimoja. Kanisa hilohilo tangu waraka wa Papa wa 1968 linakataza vidonge, sindano, vijiti, kondomu. Semina ya ndoa tulifundishwa kuhesabu siku na kuangalia ute, tukaondoka na daftari. Mume wangu anafanya kazi mgodini Mererani, anarudi bila taarifa, huyo utamwambia leo kalenda imekataa? Nikapata pacha, nawapenda kuliko roho yangu, lakini aliyefuata baada ya hao nililia wiki nzima. Sikutoa. Nilifikiria. Mkitaka mimba zisitolewe basi acheni wanawake wasipate mimba wasizozitaka, hayo mengine yote yanakuja nyuma.

#24 Katekista Mstaafu
Mama Pacha, pole, na hongera kwa hao watoto. Njia ya asili ni ya watu wawili, baba akiwa mbali au mkaidi haifanyi kazi, hilo kosa la akina baba na tunalisema UWAKA (umoja wa wanaume Wakatoliki) kila mwaka hawasikii. Ila kinga na kuua siyo dhambi ya uzito mmoja, Kanisa leo haliyaweki kapu moja.

#25 Mwalimu wa Sekondari
Sababu nyingine imesahaulika, shule. Nimefundisha huku Hai. Zamani binti akipimwa ana mimba anafukuzwa, basi. Mzazi ameuza ndizi na ng'ombe kulipa ada, unadhani atampeleka kwa katekista? Tarehe 24 Novemba 2021 serikali ikatangaza wanaweza kurudi baada ya kujifungua. Nina mmoja alirudi, mwanzo alikaa dawati la nyuma karibu na mlango kwa sababu ya maziwa kuvuja, wenzake wakamcheka wiki mbili wakazoea, akamaliza kidato cha nne. Huyo mwanae anaishi leo kwa sababu ya waraka wa elimu. Sheria ya jela haikumwokoa. Maaskofu wakipigia kelele hayo kama wanavyopigia muswada, watoto wengi watazaliwa.

#26 Mzee wa Maili Sita
Lakini Mwalimu nani amewaambia hawapigii? Vituo vya masista vinavyolea mabinti wajawazito vimekuwepo kabla ya huo waraka. Havitangazwi tu.

#27 Chalii wa Ngarenaro
Swali la kizembe, ni wangapi hasa wanaochoropoa kwa mwaka? Maana wengine mnaongea kama ni watu wawili watatu.

#28 Nesi wa Zamu
Utafiti wa 2013 wa nchi nzima ulikadiria mimba 405,000 zilizotolewa, na wanawake kama 66,600 waliotibiwa hospitali kwa madhara. Hao ni waliofika.

#29 Mpare wa Same
Kukadiria siyo kuhesabu. Jambo linafanywa gizani, aliyehesabu alikuwa wapi? Na vifo vya uzazi vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai laki moja, utafiti wa 2015-16, mpaka 104 kwenye wa 2022, bila kubadilisha hata nukta ya sheria ya mimba. Kwa hiyo hoja ya kwamba tukiwa hatujaruhusu wanawake watakwisha, haisimami.

#30 Nesi wa Zamu
Vimeshuka, namshukuru Mungu, na niliona tukipambana. Lakini hiyo 104 ina sura, Mpare. Na huwezi kukataa makadirio ya kwanza kwa sababu ni makadirio halafu ukatumia ya pili.

#31 Mkibosho wa Mjini
Nashukuru wote, nimesoma kila kitu. Katekista nakuomba nikuulize moja kwa moja bila kuzunguka. Askofu anaweza kupinga kutoa mimba kuhalalishwa, na hapohapo akasema huyu mwanamke asifungwe, tumfunge anayefanya biashara hiyo na aliyemlazimisha? Au mafundisho yanambana?

#32 Katekista Mstaafu
Nimelala na swali lako. Nasema ninavyojua. Sheria ya Kanisa yenyewe ina adhabu, anayetoa mimba anajitenga papo hapo, sasa iko kanuni ya 1397. Lakini hiyohiyo haimshiki aliye chini ya miaka 18, wala aliyesukumwa na hofu kubwa. Na tangu Novemba 2016 Fransisko alitoa ruhusa kwa kila padri kumwondolea dhambi hiyo, huhitaji kupanda mpaka kwa askofu. Kwa hiyo Kanisa kwa watoto wake linapima umri na hofu, Kanuni ya Adhabu kwenye kifungu cha 151 haipimi. Na waraka ule wa 1995 namba 73 unaruhusu mbunge Mkatoliki kuunga mkono sheria isiyo kamili ikiwa inapunguza ubaya. Ila swali lako ni la kinyume chake, kulegeza adhabu iliyopo, na hapo naogopa. Sheria inafundisha. Ukiondoa adhabu watu wanasoma kwamba kosa limeondoka. Sina jibu linalonitosha.

#33 Binti Kiborloni
Angalau umesema. Ila sikubaliani, watu hawasomi Kanuni ya Adhabu, Mangi mwenyewe alikuwa haijui na kaandika jina kupinga. Kinachofundisha ni yule bibi wa kisa cha Nesi kuogopa hospitali.

#34 Mpare wa Same
Malawi walianza hivihivi, tulegeze kidogo, kidogo. Wakatoliki na Waevanjeliko wakaingia barabarani Desemba 2016 nchi nzima, muswada ukakwama. Ukilegeza mkono mmoja wanavuta wote.

#35 Katekista Mstaafu
Mkibosho, Jumapili hii tuna kikao cha halmashauri walei. Nitaomba hili la adhabu liwe ajenda, paroko akikubali. Niandikie maneno mafupi, mawili matatu.

#36 Mpare wa Same
Katekista ukilipeleka hilo parokiani kesho yake fowadi itasema parokia imekubali kutoa mimba. Nakuheshimu sana lakini usilipeleke.

#37 Wakili wa Sakina
Likipelekwa, kwenye ajenda msiandike EALA wala Maputo, mtagombana mpaka jioni. Andikeni Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 151, na muweke nakala mezani wasome wote kabla ya kuanza. Nakala ya Kiswahili nikiipata kesho nitaiweka hapa.